Mbegu za Boga na Damu ya Mwalimu

Kila asubuhi, kabla hajagusa kiatu cha mtu, Fundi alimchemshia mkewe chai.

Wote wawili walikuwa wamepita miaka sitini. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na baraza pana lililoezekwa kwa bati. Upande mmoja wa baraza palikuwa na meza ya Fundi ya kushonea viatu. Hapo palikuwa na nyundo, koleo, sindano nene, kopo la gundi, na viatu vya watu vilivyopangwa jozi kwa jozi. Upande wa pili palikuwa na ubao mweusi na mabenchi mawili. Huo ulikuwa upande wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kazi ya kufundisha watoto, lakini chaki ilimshinda kuiacha. Siku tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa muuza mkaa. Mwingine alikuwa dobi. Mwingine alikuwa bibi mwenye wajukuu tisa, ambaye alitaka kujisomea barua zake mwenyewe bila kumpa mtu mwingine umbeya wa bure.

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Kutwa nzima alibana misumari midogo mdomoni, na hata ilipokwisha, maneno hayakuongezeka sana. Mwalimu aliwaambia watu kwamba ndiyo maana ndoa yao imedumu miaka arobaini: mmoja anasema, mwingine ana misumari.

Mwaka mmoja Mwalimu aling'olewa meno ya nyuma, manne chini na matatu juu. Tangu siku hiyo, nyama aliiacha kwa sababu ilimshinda kutafuna. Maharage aliyaacha kwa sababu maganda yake yalimwingia kwenye fizi. Mboga za majani alizisogeza pembeni ya sahani. Alibaki na vitu vitatu: chai ya rangi, mkate mweupe na uji wa unga mweupe. Hata huo uji alikula vijiko vitatu, kisha akasema ameshiba.

Fundi alidhani ni uzee. Alimwona mkewe akijifunika kanga mbili mchana wa jua kali. Alimsikia akihema kwa kupanda ngazi mbili tu za baraza. Viganja vyake, vilivyokuwa na rangi ya kupendeza, vilipauka. Fundi aliyaona yote hayo, akayaweka moyoni, akaongeza sukari kwenye chai.

Kisha siku moja, akikusanya nguo za kufua, alipata vipande vya chaki kwenye mfuko wa gauni la mkewe. Vyote vilikuwa vimeng'atwa ncha. Alivigeuzageuza. Panya hawali chaki, na hawana mifuko.

Alimwuliza mkewe taratibu. Mwalimu alitazama chini kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Alisema hajui kimempata nini. Akiandika ubaoni, harufu ya chaki inamvuta, na asipoonja anakosa raha. Aliona aibu kumwambia mtu. Miaka thelathini aliwakataza watoto kula chaki, na sasa yeye ndiye anayekula.

Walicheka wote wawili. Hawakujua kwamba chaki ile ilikuwa inawaambia jambo.

*

Wiki iliyofuata, darasa likiendelea, Mwalimu alikuwa akiwasomea wanafunzi wake habari fupi. Fundi alikuwa anashona soli upande wa pili, akisikiliza kama kawaida yake. Sauti ya mkewe ilisoma mistari miwili, ikapungua, ikasimama. Fundi aliinua kichwa. Mwalimu alikuwa ameweka kidole kwenye mstari, lakini macho yake hayakuwa yakiangalia kitabu. Alishika ubao, akateremka polepole mpaka chini.

Muuza mkaa alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Fundi alitema misumari yote chini na kumfikia mkewe kwa hatua nne. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, wanafunzi walimsikia akipaza sauti. Alikuwa anaomba maji.

Kesho yake asubuhi alifunga kazi, akamchukua mkewe kwenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Aliwakaribisha, akawaita baba na mama, akamketisha Mwalimu kwenye kiti chenye mgongo. Alivuta ngozi ya chini ya jicho lake akaangalia. Ndani palikuwa peupe. Alimchoma kidole, akapima damu kwa kifaa kidogo.

"Damu yako ni nane nukta sita, mama," alisema. "Mwanamke wa umri wako anatakiwa afike angalau kumi na mbili. Huu ni upungufu wa damu. Ndiyo maana unachoka, unaona baridi na unaishiwa pumzi."

Alieleza kwamba damu inahitaji madini ya chuma ili ibebe hewa safi mwilini. Chuma hicho kinatoka kwenye chakula. Kikipungua, kila kiungo kinafanya kazi kwa taabu, hata moyo.

Fundi, ambaye kwa desturi hakusema mbele ya watu, alikohoa kidogo akataja habari ya chaki. Mwalimu alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini muuguzi hakucheka. Alisema watu wengi wenye upungufu wa damu hutamani kula vitu visivyo chakula: udongo, chaki, mkaa, hata mchele mbichi. Si tabia mbaya. Ni dalili, na si ya kuficha.

Aliongeza kwamba damu ya mtu mzima haipungui hivi hivi. Akamwuliza Mwalimu kama anaona damu chooni, kama ana vidonda vya tumbo, ni dawa gani anazotumia. Akamtuma kwenye chumba cha vipimo apimwe choo na malaria. Majibu yalirudi safi. Ndipo muuguzi akachukua kalamu na kuuliza Mwalimu anakula nini kwa siku nzima.

Mwalimu alimtazama mumewe. Fundi alijibu, "Chai."

"Na nini kingine, baba?"

"Mkate. Halafu chai."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Aliwaambia kwa upole kwamba hapo ndipo tatizo lilipo. Mkate mweupe na uji mweupe vinatia nguvu ya muda, lakini chuma chake ni kidogo. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, inakizuia hata hicho kidogo kisiingie mwilini. Alimpa vidonge vya kuongeza chuma, kimoja kila siku kwa miezi mitatu. Kisha akataja vyakula vya kumrudishia nguvu: maini, samaki wadogo waliosagwa, maharage yaliyolowekwa na kupondwa, mboga za kijani, na mbegu.

"Mbegu gani?" Fundi aliuliza.

"Za maboga, ufuta, alizeti. Mkipika boga, mbegu mnazipeleka wapi?"

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na jalala, na kila wiki alitupa huko mbegu za boga kwa mkono wake mwenyewe.

*

Siku mbili baadaye Fundi alinunua boga. Alilipasua, akakomba mbegu pamoja na nyuzi zake, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Aliuweka chini ya meza yake ya kazi akisubiri apate nafasi. Kazi zilimzidi. Siku ya tatu alibeba mfuko ule hadi mashineni kwenda kusagisha.

Mashine ya kusaga nafaka ilikuwa mwisho wa mtaa. Mwenyewe aliitwa Mama Mashine, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa rafiki wa Mwalimu, kwa hiyo Fundi alikuwa shemeji yake, na mashemeji huwa hawaonewi haya. Alikuwa pia amehudhuria mafunzo ya lishe na utunzaji wa nafaka mara kadhaa, na kila alilofundishwa alilitunza kichwani.

Alifungua mfuko, akanusa, akaufunga tena haraka.

"Shemeji, hizi ni za kumponya dada yangu au za kumzika?"

Alimwonyesha. Mbegu zilikuwa na ukungu wa kijani na mweusi. Alimweleza kwamba mbegu zikikaa na unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo inaharibu ini. Haionekani kwa macho, na ukikaanga au ukichemsha haiondoki. Mbegu yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyonyauka, au yenye uchungu mdomoni haipewi mtu, na haipewi hata kuku. Alizimwaga zote kwenye shimo la taka.

Fundi alisimama pale, mikono mitupu, kama aliyeshona kiatu cha kulia akakipeleka kwa mtu wa mguu wa kushoto. Mama Mashine alimhurumia. Alizima mashine, akachota mbegu chache za boga kutoka kwenye debe lake, akamenya moja na kuiweka juu ya kipande cha karatasi ya kaki. Akaiponda kwa kidole gumba. Karatasi ililowa mduara wa mafuta.

"Umeona? Karibu nusu ya uzito wa mbegu hii ni mafuta. Tena mengi ni yale mafuta mazuri, yasiyousumbua moyo. Na karibu theluthi moja ni protini, ile ya kujenga mwili."

Akaeleza kwa nini iko hivyo. Mbegu ni mtoto wa mmea. Akiwa chini ya udongo hana mizizi ya kujitafutia wala majani ya kuota jua. Kwa hiyo mmea mama unamfungia mwanawe chakula kamili kabla hajaondoka: mafuta ya nguvu, protini, madini na vitamini, vyote ndani ya ganda dogo. Sisi tukila mbegu, tunakula chakula hicho.

Fundi alitaka kujua kuhusu chuma. Mama Mashine alisema mbegu za boga zinacho, na zina pia zinki, ambayo inasaidia vidonda kupona na mwili kupigana na maradhi, na madini ya magnesiamu, yanayosaidia misuli na mishipa ya fahamu. Ufuta nao una chuma, na una kalsiamu nyingi ya kuimarisha mifupa, hasa ukiliwa na ganda lake. Lakini ufuta ni mdogo mno. Ukiumeza mzima unapita tumboni ulivyo na kutoka ulivyo. Lazima usagwe. Mbegu za alizeti zina vitamini E nyingi, inayozilinda seli za mwili zisichakae upesi. Na mbegu zote hizo zina nyuzinyuzi za kulainisha choo.

"Basi nimpe bakuli zima," Fundi alisema.

"Usimpe bakuli zima. Kwa mafuta yale uliyoyaona kwenye karatasi? Vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa siku vinatosha. Na uanze na kidogo, kwa sababu kuna watu ambao ufuta au karanga huwawasha na kuwavimbisha midomo. Ukiona hivyo unaacha na kukimbilia hospitali. Chumvi usitie nyingi, nyinyi si vijana tena."

Alimtajia hatua za kufuata, na Fundi akazirudia moja moja kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kurudia vipimo vya mguu wa mteja. Osha mbegu, toa nyuzi. Anika juani kwenye sinia, uzigeuze, mpaka ukivunja moja ikatike kwa sauti. Kaanga bila mafuta, moto mdogo. Zikipoa, menya. Twanga au saga. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, na utengeneze kidogo kidogo ili zisikae wiki nyingi.

Wakati anaondoka, Mama Mashine alimkumbusha jambo moja zaidi. Mtaani palikuwa na watoto wengi waliozoea kuja barazani kwa Mwalimu. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe mbegu nzima wala karanga nzima. Inaweza kumkwama kooni na kumziba pumzi. Mtoto mdogo apewe iliyosagwa laini, sawa na bibi asiye na meno.

*

Boga la pili Fundi alilishughulikia kama kiatu cha harusi. Aliosha mbegu maji matatu. Alizianika juu ya bati siku mbili, akiinuka kila mara kuzigeuza na kufukuza kuku. Kukaanga ndiko kulikomshinda. Mara ya kwanza aliweka moto mkubwa, akageuka kumjibu mteja, na jikoni kukajaa moshi.

Mwalimu, aliyekuwa amelala chumbani, aliuliza kwa sauti dhaifu kama nyumba inaungua au ni chakula cha mchana. Fundi alisema ni chakula. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Fundi alisimama mlangoni na sufuria yake nyeusi mkononi, akisikiliza kicheko kile. Hakuwa amekisikia kwa wiki nyingi.

Alijaribu tena, moto mdogo safari hii. Mbegu zilianza kudunda sufuriani, harufu nzuri ikajaa nyumba. Alizimenya moja moja kwa vidole vyake vigumu vilivyozoea ngozi na gundi. Alitwanga kwenye kinu kidogo, akachanganya na ufuta aliosagiwa na Mama Mashine. Akachukua kijiko kimoja, akakoroga ndani ya uji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Mwalimu alionja. Alikaa na uji mdomoni, akamtazama mumewe, akameza. Kisha akafungua mdomo apewe kingine. Siku hiyo alimaliza bakuli.

Kuanzia hapo Fundi akawa mpishi. Aliloweka maharage usiku kucha, akamwaga maji yake, akayachemsha mpaka yakalainika kabisa, akayaponda na kuyachuja maganda. Alikata mboga za majani nyembamba kama nyuzi na kuziunga kwa mbegu zilizosagwa. Mwalimu alianza kuomba chakula mwenyewe. Fundi alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo ndiyo iliyompoteza.

Vidonge vilikuwa vinamsumbua Mwalimu. Alivimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, na vilimtia kichefuchefu. Choo chake kilikuwa cheusi na kigumu, akaogopa. Wiki ya pili aliomba apumzike kuvimeza. Fundi alifikiri kidogo. Mbegu zina chuma, vidonge vina chuma. Si kitu kile kile? Na mbegu hazimtapishi mtu. Alichukua pakiti ya vidonge, akaiweka juu ya kabati, nyuma ya saa ya mezani.

Zilipita wiki tatu. Mwalimu alikuwa anakula vizuri, uso ukachangamka. Lakini ngazi za baraza bado zilimtoa jasho. Na chai alikunywa vile vile, kikombe kimoja pamoja na uji na kingine pamoja na maharage, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kwa ukali.

Asubuhi moja Fundi alisikia kishindo huko bafuni. Alimkuta mkewe amekaa sakafuni, ameegemea ndoo, damu ikimtiririka juu ya nyusi. Alikuwa ameinuka haraka, kizunguzungu kikamchukua. Kidonda hakikuwa kirefu. Lakini Fundi alipombeba kumpeleka kitandani alimwona ni mwepesi, mwepesi mno.

*

Muuguzi alisafisha kidonda, akafunga bandeji, akapima damu. Ilikuwa nane nukta tisa. Ilipanda kidogo sana. Aliuliza kuhusu vidonge.

"Mimi ndiye niliyeviweka kabatini," Fundi alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Niliona mbegu zinatosha. Nilidhani namsaidia."

Muuguzi hakumgombeza. Alivuta kiti, akakaa mbele yao wote wawili.

"Baba, mbegu zako zimefanya kazi kubwa. Mama anakula, na hilo ni jema. Lakini mwili wake ulikuwa umekaukiwa kabisa na chuma. Chuma cha kwenye mbegu ni kidogo ukilinganisha na cha kidonge, na mwili unakipokea polepole. Vidonge ni vya kujaza palipokauka. Chakula ni cha kuhakikisha hapakauki tena. Anahitaji vyote viwili."

Kisha akawaonyesha njia ya kurahisisha mambo. Kidonge kikisumbua tumbo, mama akimeze baada ya chakula. Choo kuwa cheusi ni kawaida kwa mtu anayemeza chuma, lakini kikiwa cheusi cha kunata kama lami, au akiona damu, arudi haraka. Choo kigumu kinalainishwa na maji ya kutosha, matunda na zile nyuzinyuzi za kwenye mbegu. Chai asinywe pamoja na mlo wala pamoja na kidonge. Aiache mpaka ipite saa moja au mbili. Badala yake, pamoja na mlo ale chungwa, papai au akamulie ndimu kwenye mboga. Vitamini C iliyomo inakisaidia chuma cha mbegu na maharage kuingia kwenye damu.

Na kabla ya kuacha dawa yoyote, waje kuuliza. Kuuliza ni bure, alisema, na mlango wake haujawahi kufungwa kwa mtu anayeuliza.

Walirudi nyumbani. Fundi alimlaza mkewe, akamfunika, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Alitazama bandeji nyeupe kwenye paji la uso wake. Machozi yalimtoka bila yeye kuyaruhusu.

Mwalimu alimshika kidole gumba, kile chenye kovu la sindano.

"Mimi ndiye niliyeomba kupumzika," alimwambia. "Tulikosea wawili. Tusahihishe wawili."

*

Wakasahihisha. Mwalimu, kama mwalimu, aliandika ratiba upande wa nyuma wa ubao, unaoangalia ukuta, ili wateja wasiione. Uji wenye mbegu zilizosagwa na kipande cha papai, saa moja asubuhi. Kidonge baada ya uji. Chai saa nne, peke yake. Mchana maharage ya kupondwa na mboga iliyokamuliwa ndimu. Jioni samaki wadogo waliosagwa, au maini laini pesa ikiruhusu.

Hiyo chai ya saa nne ilileta ugomvi wa wiki nzima. Mwalimu alilalamika kwamba daktari wa meno alimnyang'anya meno, na sasa mume anamnyang'anya chai. Fundi aliweka misumari mdomoni akaendelea kugonga soli. Lakini saa nne kamili alikuwa anasimama mlangoni na kikombe cha chai ya moto, na Mwalimu hakuwahi kukirudisha.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Wiki ya tatu Mwalimu alivua kanga moja. Wiki ya tano Fundi alihesabu chaki za kwenye boksi, akakuta zote nzima. Alimwuliza, naye akasema hata harufu yake sasa haimvutii, inamkera. Mwezi wa pili alifungua darasa tena, kwanza dakika ishirini, kisha nusu saa, kisha mpaka watu wenyewe wakaanza kutazama saa. Bibi mwenye wajukuu tisa alisoma barua yake ya kwanza mbele ya wenzake, na kwa kuwa ilikuwa na siri, aliisoma ndani kwa ndani, midomo ikicheza tu.

Somo moja Mwalimu aliliandika kuhusu mbegu. Wanafunzi walisoma maneno "protini", "chuma" na "sumukuvu" silabi kwa silabi. Muuza mkaa aliuliza kama ni lazima kununua ufuta, maana kwake hela ilikuwa ya kubahatisha. Mwalimu alimwambia aanze na mbegu zilizomo ndani ya boga analonunua, kwa sababu hizo ameshazilipia. Wiki iliyofuata majalala ya mtaa yalikuwa na mbegu chache, na kwenye mapaa mengi kulikuwa na sinia.

Mwisho wa mwezi wa tatu walikwenda kituo cha afya. Muuguzi alipima, akapangusa miwani yake, akatazama kifaa tena. Ilikuwa kumi na mbili nukta mbili. Aliwaambia waendelee na vidonge kwa muda mwingine aliowaandikia, ili mwili uweke akiba, kisha warudi kupimwa. Chakula chao, alisema, kisibadilike hata vidonge vikiisha.

Mchana huo Fundi alipakua chakula kama kawaida. Mwalimu alikuwa amekaa mezani badala ya kitandani, na labda ndiyo sababu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Sahani yake ilikuwa na maharage, mboga ya kijani, mbegu zilizosagwa juu yake na kipande cha chungwa. Sahani ya Fundi ilikuwa na ugali na mchuzi mtupu.

Alitazama sahani ile kwa muda. Alitazama mikono ya mumewe, mishipa imesimama. Aligundua shati lake limempwaya mabegani.

"Mbegu zako ziko wapi?" aliuliza.

Fundi alisema zile za kwenye chupa ni za mkewe, za mgonjwa. Alisema yeye hana tatizo.

Mwalimu alivuta chupa, akafungua kifuniko, akachota vijiko viwili vilivyojaa na kuvinyunyiza juu ya sahani ya mumewe. Akagawa mboga nusu kwa nusu. Akakata chungwa vipande viwili, kimoja akakiweka upande wa mumewe.

"Miezi mitatu umenilisha nipone," alisema. "Nipone nibaki na nani? Kula, mume wangu."

Fundi alichukua tonge, akalichovya, akatafuna polepole. Mbegu zilikuwa tamu. Alikuwa amezitengeneza siku zote hizo, na hakuwahi kuonja zaidi ya punje ya kupimia moto.